Godoro Juu ya Injini

Mbamba Bay,
3 Septemba 2023

Mjomba wangu Nathanaeli,

Shikamoo. Natumaini wewe na Mkazamjomba Oliva hamjambo. Sisi huku tunaendelea. Mwanangu Chrispin yuko darasa la tatu na anasoma kwa sauti mpaka majirani wanalalamika. Mama alinipigia kutoka Chilangala, mguu bado unamvimba, lakini Jumapili hakosi kanisani. Ndiye aliyeniambia kwamba sikio lako la kulia nalo limekufa, kwa hiyo simu kwako ni kipande cha chuma. Basi naandika. Kondakta wa basi la Songea ameahidi kuifikisha barua Masasi.

Mjomba, nimeshindwa na injini. Najua utacheka.

Ni boti ya Bwana Eliakimu, ninayoitunza tangu mwaka jana. Inachukua watu wa vijiji vya ufukweni visivyo na barabara na kuwaleta sokoni na kituo cha afya. Injini ni ya petroli, ilitolewa kwenye Hiace iliyochakaa. Asubuhi inawaka kwa mpigo mmoja. Tatizo ni vituoni. Inazimwa dakika kumi, watu washuke na wengine wapande, kisha inawaka vizuri, boti inaondoka. Haifiki mbali, inaanza kukohoa, inakufa. Yohana, nahodha wetu, anapiga stata mpaka betri inalia. Tunaelea. Baada ya saa nzima inawaka yenyewe kama mtu aliyeamka usingizini.

Nimebadilisha plagi, nimebadilisha koili, nimesafisha kabureta mara tatu. Nilidhani inavuta hewa, nikakaza kila mpira. Bado. Bwana Eliakimu anawaambia watu wakiwa wamejaa pwani, nami nikiwa hapo hapo na spana mkononi, "Ndiyo taabu ya kumwajiri fundi mwanamke." Halafu ananigeukia na kutabasamu. Lile tabasamu, Mjomba, linanitia kinyaa kuliko maneno.

Wewe ulifanya kazi ziwani miaka kumi na moja. Nisaidie.

Mpwa wako,
Selestina


Kitangari, Newala,
22 Septemba 2023

Mpwa wangu Selestina,

Marahaba. Barua yako imefika ikinuka dagaa. Oliva mzima, anakusalimu. Mimi mzima kwa jinsi mzee anavyoweza kuwa mzima. Dawa ya salfa anayopulizia jirani mikorosho yake bado inanitoka puani, na bomba limetoa maji yenye rangi ya chai kwa siku nne, tukayanywa. Mwenyekiti amekuja kuyatazama, akasema ni mazuri, akaondoka na chupa yake ya dukani. Nimechoka na watu.

Sasa injini. Kwanza, sikucheka. Pili, huyo Eliakimu ni mjinga, na ujinga hauna jinsia.

Haivuti hewa. Petroli yako inachemka. Injini ikiwa inakwenda, maji ya ziwa yanaipoza na mafuta yanapita upesi. Ukiizima ikiwa moto, maji yanasimama, na joto lote la chuma linapanda kwenye pampu na bomba la mafuta. Petroli humo inageuka mvuke. Pampu imeumbwa kusukuma kitu cha majimaji, siyo mvuke. Kwa hiyo inawaka na yale yaliyobaki kwenye kabureta, yanakwisha, inakufa. Ikipoa, mvuke unarudi kuwa mafuta, nawe unaonekana mwongo mbele ya tajiri.

Jaribu hivi, boti ikiwa imefungwa gatini na haina abiria. Iwashe mpaka ishike moto hasa, izime dakika kumi, iwashe tena. Ikifa, chovya kitambaa ziwani, kikamue, kifunge kwenye pampu na kwenye bomba la mafuta tu. Usimwagie maji bomba la moshi likiwa jekundu, litapasuka. Ikiwaka ndani ya dakika tano, jibu unalo. Na usifungue mpira wa mafuta penye chuma cha moto. Nimeona mtu akiungua uso.

Nijibu pia maswali haya. Bomba la mafuta linapita wapi? Pampu iko juu ya injini au karibu na tangi? Chujio la maji ya ziwa umelitazama, halina majani? Na injini imefunikwa na nini?

Mjomba wako,
Nathanaeli


Mbamba Bay,
15 Oktoba 2023

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Sisi wazima ila joto limeanza vibaya, bati linaunguza hata asubuhi. Chrispin ameumwa malaria, sasa anacheza. Hongera kwa mavuno ya korosho, Mama anasema mwaka huu zimebeba.

Kitambaa kimefanya kazi! Dakika nne. Yohana alikuwa ameshika stata, iliponguruma akaniangalia kama nimefufua maiti. Nilirudia mara tatu, ikawa vile vile. Chujio lilikuwa na majani, nimelitoa. Pampu iko kwenye ubavu wa injini, na bomba la mafuta ni la shaba, linapita kiasi cha vidole viwili juu ya bomba la moshi.

Injini imefunikwa na sanduku la mbao. Limejengwa mwezi wa sita kwa sababu abiria walilalamikia kelele, na Bwana Eliakimu alitaka kuwapakia wageni wa ofisini. Ndani limewekwa sponji ya godoro, kisha bati, na juu sponji hiyo hiyo chini ya turubai.

Nilimwambia lazima tulifungue. Akajibu, "Selestina, watu wanalipenda sanduku. Wanalikalia." Ni kweli, ndicho kiti cha heshima cha boti. Nikamwambia basi nihamishe bomba na nifunge pampu ya umeme chini karibu na tangi, isukume badala ya kuvuta. Akasema tusubiri baada ya sikukuu. Kwa sasa Yohana ana ndoo na kitambaa.

Niambie kama ndoo itatosha mpaka Januari.

Selestina


Kitangari,
2 Novemba 2023

Selestina,

Marahaba. Tunaokota korosho, mgongo hauniambii kitu kizuri. Mama yako alikuja, mguu umepungua.

Ndoo haitoshi. Mtu anayetegemea ndoo kwenye ziwa lile hajaliona likikasirika.

Godoro! Watu wamemvika mgonjwa wa homa blanketi, wakamkalia juu, sasa wanashangaa anazimia. Na bati ndani yake. Nilipoisoma mistari ile nilikwenda nje nikatema mate. Hiyo sponji ikinywa mvuke wa petroli, siku moja cheche ikiruka hamtazungumza tena habari ya injini kuzima.

Fanya haya wiki hii, siyo Januari. Vua sanduku. Likibaki, litobolewe matundu makubwa, chini upande wa mbele na juu upande wa nyuma, hewa ipite. Ng'oa godoro lote. Bomba la shaba lizungushwe upande wa pili, mbali na moshi. Pampu ikae chini, na iwe na swichi ya kukata umeme wake injini ikizimika, la sivyo itamwaga petroli humo ndani huku mmekaa. Mkifika kituoni, injini iachwe ikinguruma taratibu kwanza, kifuniko wazi, ndipo izimwe. Na kabla ya kuwasha, fungua, nusa.

Tajiri akikataa, ng'oa pampu, ifungie nyumbani kwako. Boti isiyokwenda haizamishi mtu.

Tena kuna jambo. Umeandika "sanduku limejengwa", "limewekwa sponji". Lenyewe? Mimi nakufahamu, ukivunja sahani ulikuwa unasema imevunjika. Nani alilijenga?

Mjomba wako


Kitangari,
27 Novemba 2023

Selestina,

Hatujambo. Sijapata jibu. Mama yako amepigiwa simu na mtu wa huko, anasema boti ilielea na mtoto amekufa. Alipokupigia, ulimwambia mtandao mbaya, ukakata.

Mtandao wa karatasi hauna ubaya. Niandikie.

Nathanaeli


Mbamba Bay,
10 Desemba 2023

Mjomba,

Shikamoo. Chrispin mzima. Hizo ndizo habari njema, nyingine sina.

Ilikuwa Jumanne, tarehe 14 Novemba, mchana, jua kali hakuna upepo. Mimi nilibaki nchi kavu. Yohana alimchukua Rose, mke wa mvuvi mmoja wa kijiji cha mwisho. Uchungu ulikuwa umemshika tangu alfajiri na mkunga alisema mtoto amekaa vibaya, apelekwe kituo cha afya haraka. Walipita kijiji cha kati kuchukua abiria. Yohana hakutaka kusimama, lakini Bwana Eliakimu alikuwemo, akamwamuru, maana kulikuwa na watu sita na magunia. Walikaa robo saa. Waliondoka, injini ikafa.

Yohana alitaka kulifungua sanduku apoze pampu kwa kitambaa na maji. Rose alikuwa amelazwa juu yake, Mjomba. Ndiyo sehemu pekee laini. Walimwinua, akapiga kelele, wakamrudisha. Walipompatia mahali pengine, ndoo moja ilikuwa haitoshi, chuma kilichemsha maji yakawa mvuke. Walielea saa mbili na nusu. Mtoto alizaliwa humo, kwenye magunia, hakulia.

Walipofika nilipanda botini. Nilitumbukiza kijiti kwenye tangi kama ninavyofanya kila siku. Lita kumi na nane. Niliandika kwenye daftari langu kwa mazoea tu.

Kesho yake Bwana Eliakimu alitangaza kwamba tangi lilikuwa kavu, kwamba Yohana huuza petroli njiani. Yohana alikamatwa. Yuko nje kwa dhamana, anaripoti kila Jumatatu, na akipita sokoni watu wanamtemea mate. Mkewe amerudi kwao.

Bwana Eliakimu amekuja nyumbani kwangu na mchele na mafuta ya kupikia. Alikaa kwenye kiti changu, akamshika Chrispin kichwa, akaniwekea karatasi mezani. Imekwisha kuandikwa kwamba mimi fundi nilipima nikakuta tangi halina kitu. Imebaki saini. Akasema, "Mwanangu, injini ikionekana na kosa, watauliza fundi ni nani. Mimi nakulinda." Alipoondoka nilikiosha kile kiti kwa sabuni. Mchele sijaugusa, lakini pia sijaurudisha, uko pale kwenye kona unaniangalia.

Sijasaini. Sijakataa. Amesema atarudi baada ya Krismasi.

Uliniuliza, nikanyamaza. Sanduku nililijenga mimi. Yeye aliagiza, lakini mbao nilipima mimi, na godoro ni langu, la zamani, nililikata kwa kisu cha jikoni. Nilijisifu kwa jinsi lilivyozima kelele. Na barua yako ya Novemba ilinifikia tarehe 12, siku mbili kabla. Nilikuwa na siku mbili za kuing'oa pampu ile. Nilisema nitaing'oa Jumatano.

Najichukia mpaka sipendi kunawa uso.

Selestina


Kitangari,
28 Desemba 2023

Mpwa wangu,

Marahaba. Barua imefika leo, sikukuu imeichelewesha. Oliva ameisoma, amelia, anasema uje nyumbani. Mimi sikulia. Nimekaa nayo toka asubuhi.

Usisaini. Ningeweza kuishia hapo, lakini utajiuliza kwa nini mzee anasema hivyo kwa urahisi akiwa mbali na tajiri wako. Basi sikiliza jambo ambalo hata mama yako, dada yangu mwenyewe, halijui.

Niliwaambia nyote kwamba niliacha kazi ziwani kwa sababu ya homa. Homa niliipata, ndiyo, lakini siyo iliyonitoa. Mwaka 1989 tulikuwa mafundi wawili kwenye boti ya mwenye maduka mmoja. Mwenzangu aliitwa Salmini, wa Lisekese pale Masasi. Tulitoka pamoja, tulilala chumba kimoja, yeye akiswali, mimi nikisali, hatukuwahi kugombana. Nilifunga bomba la mafuta mimi, nikalipitisha juu ya moshi kwa sababu ndiyo njia fupi na nilitaka kumaliza kabla ya chakula. Siku ya joto injini ilikufa wakati boti inaingia gati, mawimbi yakaitupa kwenye mawe. Mbeba mizigo mmoja alivunjika mguu, ukakatwa. Zamu ilikuwa ya Salmini. Tajiri alileta karatasi kwamba Salmini alikuwa amelewa. Salmini, Selestina! Mtu ambaye hakujua pombe ina ladha gani.

Nilisaini. Alifungwa miezi minane. Nilipewa cheo chake, nikakaa nacho miezi sita, nikawa siwezi kula mezani kwa watu. Ndipo nikarudi kulima korosho. Tangu siku hiyo nikienda Masasi nazunguka, sipiti Lisekese. Miaka thelathini na nne mtu mzima anazunguka kijiji.

Nimewachukia wenyeviti, majirani, wauza salfa, na wote wanastahili. Lakini harufu niliyokuwa nainusa siku zote ilikuwa yangu.

Urudishe ule mchele. Chukua daftari lako nenda polisi. Sema na habari ya godoro.

Nathanaeli


Mbamba Bay,
21 Januari 2024

Mjomba wangu,

Shikamoo wewe na Mkazamjomba. Tunaendelea. Chrispin ameingia darasa la nne.

Barua yako ilinifikia tarehe 12 Januari. Nilikuwa nimekwisha kwenda polisi tarehe nane. Sitaki ufikiri nilikuwa jasiri. Jumatatu ile nilimwona Yohana akitoka kuripoti, shati lina mate mgongoni, naye hajui. Nilimfuata nikampangusa kwa kanga yangu. Akaniuliza, "Kuna nini?" Nikasema, "Vumbi." Kusema uongo ule mdogo kulinichosha kabisa. Niligeuka nikaingia ndani na daftari.

Nilieleza yote, lita kumi na nane, kitambaa, bomba, sanduku, godoro, barua zako. Afisa aliuliza, "Unajua unajitia ndani mwenyewe?" Nikasema najua. Walikuja botini, nikawasha injini ikashika moto, nikaizima dakika kumi, nikawasha, ikafa mbele yao. Nikafunga kitambaa, ikawaka. Bwana Eliakimu alikuwa amesimama pwani, hakutabasamu.

Kesi ya Yohana imefutwa. Mkewe hajarudi. Eliakimu anahojiwa kwa habari ile ya tangi, na mimi bado naitwa, sijui itaishaje. Kazi sina. Mchele niliurudisha mchana, sokoni, watu wakiona.

Lakini jambo nililotaka kukuandikia ni Rose. Alikuja mwenyewe, kwa miguu, akasema nimwonyeshe. Nilimpeleka botini. Nilifunua sanduku. Aliingiza mkono, akabana ile sponji, akanusa vidole vyake. Akasema, "Kumbe ni godoro." Nikasema ndiyo. "Nililala juu yake nikasema afadhali, ni laini." Kisha akauliza, "Ulijua?" Nikamwambia nilijua siku mbili kabla.

Hakunipiga. Nilitamani anipige. Alianza kuing'oa sponji kwa kucha, vipande vipande, nami nikapiga magoti upande wa pili nikang'oa naye. Tuliichoma pwani ikatoa moshi mweusi wenye harufu mbaya sana. Alipoondoka hakuniaga.

Watu wa kijiji cha Rose wanataka boti yao wenyewe, Yohana awe nahodha. Waliniomba niwafungie injini. Niliwaambia wamuulize Rose kwanza. Bado hawajanijibu.

Selestina


Kitangari,
9 Februari 2024

Mpwa wangu Selestina,

Marahaba. Mvua ni nyingi, mashimo ya kukingia maji yamejaa, Oliva amefurahi. Mama yako anatembea bila fimbo.

Ulikwenda polisi bila kuningoja. Vizuri. Maana yake barua yangu haikukusaidia kitu, na maneno niliyoyatoa yamebaki mikononi mwangu. Nilikaa nayo wiki nzima. Jumanne nikapanda gari la Masasi, nikakodi bodaboda, nikamwambia dereva Lisekese.

Salmini yu hai. Ana mvi, ana duka la kukarabati baiskeli, meno ya mbele hana. Alinitambua kabla sijashuka. Aliniletea kiti. Maji hakunipa, na unajua kwetu mgeni asiyepewa maji ameambiwa nini. Kwa kuwa sisikii, aliandika kwa chaki kwenye ubao wake wa bei: SEMA.

Nilisema. Bomba, saini, cheo. Alikuwa akikaza spoku za gurudumu na hakuacha. Nilipomaliza akafuta ubao, akaandika: NILIJUA SIKU ILE ILE.

Nikamwambia nisamehe. Akafuta tena. Kisha akaandika: WANANGU WAMEKUA WAKIAMBIWA BABA YAO MLEVI. NJOO JUMAMOSI. UTAWAAMBIA WAO.

Ana watoto watano, wajukuu sijui wangapi. Oliva anasema nisiende peke yangu, wanaweza kunifanyia jambo. Nimemwambia hilo ni juu yao.

Kesho ndiyo Jumamosi. Shati limepigwa pasi, gari linaondoka saa kumi na mbili.

Mjomba wako,
Nathanaeli